Tablo za Mji Wetu Zibaki Nyumbani

 

Vijana wachoraji, nimezunguka ukumbi wa maonyesho yenu, na karibu kila tablo ina lile bomba refu la moshi la kampuni ya migodi Gécamines na kile kilima cheusi cha masalia ya shaba. Mmefanya vema. Mji huu wa Lubumbashi ulianzishwa 1910, tanuri la shaba likawashwa 1911. Atakayeuchora atawezaje kuliacha bomba lile?

Kabla ya mji huu, karne ya 19, mji mkubwa wa Katanga ulikuwa Bunkeya, kwa mwami Msiri, mpaka alipopigwa risasi tarehe 20 Desemba 1891. Wazungu waliofika kule waliuandika vitabuni. Sisi, ili historia yetu isimuliwe na mtu wetu, tulimngoja mchoraji Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa mji huu huu mwaka 1947. Mwaka 1973 na 1974 alichora historia ya nchi nzima, tablo zaidi ya 100. Msiri yumo, Lumumba yumo, na mgomo wa wafanyakazi wa Desemba 1941, walipomiminiwa risasi, nao umo. Alimweleza mwanaanthropolojia Johannes Fabian tablo moja moja, kwa Kiswahili chetu hiki cha Lubumbashi.

Wachoraji wa wakati ule walitumia vitambaa vya magunia ya unga. Kuna kijana hapa amefanya vilevile: sogea karibu, chini ya anga jekundu la jioni maandishi ya kiwanda cha unga bado yanasomeka. Nilisimama pale muda mrefu.

Tablo zile za Tshibumba leo ziko Amsterdam. Watu wa kule wamezitunza vizuri, nawashukuru. Lakini inaniuma kwamba mtoto wa Bel-Air hawezi kuzifikia bila viza na tikiti ya ndege.

Basi, Bwana Burugumesta wa Kampemba, naomba chumba kimoja cha komini, kikavu, kisichovuja masika, na kila mwaka tununue tablo za vijana wetu, hata mbili tu, tuziweke humo. Nanyi vijana, nyuma ya kila tablo andikeni jina, mwaka, na habari yake kama mnavyoisimulia kwa mdomo. Rangi peke yake haitamwambia mjukuu nani alisimama wapi.

Ile yenye anga jekundu nainunua mimi leo, kwa bei aliyotaja mwenyewe, na naikabidhi kwa komini. Maonyesho yamefunguliwa.