Kijana wa upinzani na usaili wa polisi: niliyosema Kasanga

(Haya ni maneno niliyowaambia vijana wa tawi letu hapa Kasanga, Wilaya ya Kalambo, Jumapili iliyopita. Ambao hawakufika waliomba niyaandike. Nimepunguza utani kidogo, wote sikuweza.)

Makamanda, habari za mchana. Wazee wangu wawili mliokaa pale nyuma, shikamooni.

Nianze na hilo neno "kamanda". Sisi hapa kila mtu ni kamanda, hata aliyechukua kadi juzi. Sasa ukiingia kwenye chumba cha usaili wa polisi ukamwita mwenzako "kamanda" kwa mazoea, wale wakaguzi watatazamana. Kule kamanda ni mtu mwenye cheo. Kaanze kuzoea "afande" kuanzia leo.

Najua kuna watu wamenuna. Mmoja kaniuliza kule mlangoni, "Kaka, yaani chama kinatufundisha kwenda kuwa polisi? Hawa hawa?" Swali zuri, na nitalijibu, ila kwanza tuseme ukweli. Katika vijana niliokaa nao mwezi huu, wanne wameshaandika barua ya maombi kimya kimya na wanaogopa wenzao wasijue. Kwa nini mtu ajifiche kutafuta kazi ya umma ya nchi yake? Polisi wanalipwa kwa kodi. Mvuvi wa hapa akinunua petroli ya injini amelipa kodi. Hiyo kazi ni yako kama ilivyo ya mtoto wa mwenyekiti wa chama kile kingine.

Basi tuje kwenye kujiandaa. Kitu kinachowatisha wengi ni kwamba "sina uzoefu". Jamani, nafasi ya konstebo haidai uzoefu. Uzoefu unapewa Moshi, kwenye Shule ya Polisi, ndiyo maana kuna mafunzo ya awali. Matangazo ya miaka ya karibuni yanataka vitu vingine: Mtanzania wa kuzaliwa, miaka 18 mpaka 25 kwa wa kidato cha nne na cha sita, urefu futi 5 na inchi 8 kwa mwanaume na futi 5 na inchi 4 kwa mwanamke, asiwe ameoa au kuolewa wala kuwa na mtoto, asiwe na michoro mwilini, asiwe na rekodi ya uhalifu, na ajigharamie safari zote. Maombi yanapita kwenye mtandao, lakini barua yenyewe unaiandika kwa mkono halafu unaipiga picha na kuipandisha. Namba ya NIDA, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule. Kila mwaka tangazo linaweza kubadilika, kwa hiyo soma la mwaka huo, usisome langu.

Hapo kwenye cheti cha kuzaliwa wengi wa mwambao huu wanakwama. Jina la kwenye cheti cha kidato cha nne ni moja, la kwenye NIDA ni jingine, kwa sababu mwalimu wa darasa la kwanza aliandika alivyosikia. Usisubiri mpaka uitwe. Kaanze kulirekebisha sasa, maana kutoka hapa mpaka Sumbawanga mjini ni zaidi ya kilomita 100, na hutaenda mara moja ukamaliza.

Sasa usaili wenyewe. Nimekuwa nikiwafanyisha vijana usaili wa majaribio, mimi na mwalimu mmoja mstaafu. Tunakaa nyuma ya meza, kijana anaingia, anasimama wima, anasubiri aambiwe akae. Kijana mmoja, mvuvi, tukamuuliza kwa nini unataka kuwa askari. Akajibu, "Ajira ngumu, mzee." Kasema kweli, lakini watu elfu nzima watasema hivyo hivyo. Tukamuuliza, umewahi kufanya kazi gani? "Sijawahi." Mwalimu akacheka. Akamwambia, usiku wa juzi ulikuwa wapi? Ziwani. Na nani? Wanne kwenye boti. Nani anaamua mwende wapi? Nahodha. Na upepo ukibadilika yeye akasema turudi, na nyie mnaona migebuka inakuja kwenye taa? "Tunarudi. Nahodha akisema tumerudi."

Hapo ndipo pana uzoefu wenyewe! Mtu anayekesha, anayetii amri akiwa na njaa, anayejua kwamba mmoja akifanya ujinga wote mnazama. Wewe uliyekuwa kwenye kikundi cha kulinda mwalo dhidi ya makokoro, umewahi kumzuia ndugu yako asivue kwa nyavu haramu. Hilo ni gumu kuliko kumkamata usiyemjua. Wewe uliyepita mgambo, uliyekuwa kiranja, uliyetunza pesa za kikoba na hesabu ikatimia, sema. Wewe unayeongea Kifipa na Kilungu, ukasikia na Kibemba cha ng'ambo ya mpaka, sema pia. Bandari yetu inapokea watu wa Kongo na Zambia kila wiki, askari anayewasikia wanavyoongea ana faida. Ila usidanganye. Ukisema unajua Kifaransa, atatokea mmoja akuulize kwa Kifaransa.

Jifunze mahali unapotoka. Wilaya yetu ilizaliwa 2012, makao makuu Matai. Mkoa unapakana na nani? Maporomoko ya Kalambo yana zaidi ya mita 200 na yako mpakani na Zambia. Wajerumani walipaita hapa Bismarckburg wakaweka boma lao, na askari wa kwanza ambaye babu zetu walimjua alikuja kudai kodi na kukamata watu wa kazi. (Hilo usiliseme kwenye usaili mpaka uulizwe, lakini lijue.) Jua Jeshi la Polisi liko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Jua vyeo kuanzia konstebo, koplo, sajenti kwenda juu, na jina la Inspekta Jenerali aliyepo. Mtafute polisi kata wako umuulize maisha ya depo yakoje. Wengi wao wakiulizwa kwa heshima wanaongea.

Na watawatania. Ukisema umetoka Sumbawanga, lazima mtu aseme "aha, kwa wale wanaoruka na ungo." Wanaangalia kama una hasira za karibu. Tabasamu, subiri swali. Huenda swali lenyewe likafuata hapo: wananchi wamemzunguka bibi kizee wanasema mchawi, wanataka kumchoma moto, wewe uko peke yako, utafanyaje? Msijibu kishujaa. Unamlinda yule bibi kwanza, unamtoa pale, unaita msaada, unatafuta mwenyekiti wa kijiji na wazee wanaosikilizwa, na wanaochochea unawakariri sura na majina. Tatizo la mauaji ya namna hiyo kwetu lipo, tusijifanye hatulijui.

Kuna swali jingine ambalo kwa sisi ndilo zito. "Ukipewa amri usiyokubaliana nayo?" Jibu la kwenye usaili ni fupi: nitatii amri halali, na nisipoielewa nitamuuliza mkubwa wangu. Hilo neno "halali" usiliache nyumbani. Tarehe 2 Septemba 2012, kijiji cha Nyololo kule Mufindi, mwandishi wa Channel Ten, Daudi Mwangosi, aliuawa kwa bomu la machozi akiwa kazini kwenye shughuli ya chama cha upinzani. Picha zinaonyesha askari kadhaa wamemzunguka. Mwaka 2016 Mahakama Kuu Iringa ilimfunga mtu mmoja miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Alikuwa konstebo. Yaani cheo hicho hicho mnachokiomba. Kijana wa rika lenu, pengine naye alikimbia asubuhi kufanya mazoezi, pengine na mama yake aliuza kitu apate nauli. Nataka mwende mkijua kwamba siku hiyo ikikufika, mkono ni wako na kesi ni yako.

Nirudi kwa aliyeniuliza mlangoni. Agosti 2024 mamia ya vijana wa upinzani walikamatwa wakielekea Mbeya kwenye Siku ya Vijana. Hasira yako naielewa. Lakini ukisema watu wetu wasiende, unaacha kazi yote kwa wale unaowalalamikia.

Ila hapa sikilizeni vizuri, maana kuna wanaofikiri tunapeleka mashushushu. Hapana! Katiba, ibara ya 147, inamkataza askari kujiunga na chama chochote cha siasa, anabaki na haki ya kupiga kura tu. Na mimi naikubali ibara hiyo kwa moyo wote. Malalamiko yetu siku zote ni kwamba wao hawaifuati. Tutaidai vipi kwao kama wa kwetu anaingia na kadi mfukoni? Sitaki polisi wa kwetu. Nataka polisi. Ukitaka kwenda, rudisha kadi kwa katibu wa tawi, andika barua ya kujitoa, futa zile picha za kombati kwa sababu umetoka kweli, si kwa sababu unaficha. Ukiulizwa kama uliwahi kuwa mwanachama, sema ndiyo, nilijitoa tarehe fulani, naijua ibara ya 147. Wanaweza kukukata kwa hilo? Wanaweza. Uongo nao ukigundulika unakukata, tena unatoka na jina baya.

Na sisi tunaobaki, anayerudisha kadi kwa sababu hiyo asiitwe msaliti kwenye kundi la WhatsApp. Katibu, hilo uliandike kwenye muhtasari. Siku akija hapa na sare akatuambia mkutano wetu hauna kibali, tumsomee sheria kama tunavyomsomea mwingine yeyote, tusimpigie simu mama yake.

La matapeli nalisema haraka. Atapiga mtu, "mimi nipo makao makuu, tuma laki tano jina lipite." Familia inauza maksai wa kulimia, msimu unaanza hawana ng'ombe, na jina halikuwahi kuwepo popote. Nafasi ya polisi haiuzwi. Hata kama ingeuzwa, uliyeinunua utairudisha wapi hiyo pesa? Kwa bodaboda barabarani. Ukipigiwa, hifadhi namba, nenda TAKUKURU.

Mavazi: shati safi limepigwa pasi, viatu vimefungwa, nywele fupi, simu imezimwa. Imetosha.

Mbio tunaanza Jumatatu saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, getini bandarini, wa kike na wa kiume pamoja. Anayetoka ziwani alfajiri alale, tutamsubiri jioni. Jumamosi saa tisa leteni vyeti vyote halisi tuangalie majina moja baada ya jingine, na kila mtu aje na barua yake ameiandika kwa mkono. Mwalimu amesema atazisoma kwa kalamu nyekundu.