Tuwahesabu Waliobaki Nyumbani

(Mazungumzo yaliyotolewa kwenye siku ya vikundi vya kujisaidia. Tumeyachapa ili viongozi wayasome katika mikutano yao.)

 

Nimeombwa niwaeleze yale ambayo watafiti wamegundua tangu ugonjwa wa Korona utufikie. Najua wengine wanasema moyoni, "Korona ilishapita, mbona twarudishwa huko?" Ni kweli, ugonjwa umetulia. Lakini moto ukizimika, mwenye nyumba huingia kuangalia ni nini kilichoungua. Sisi tulizima moto tukaenda shamba. Hatukuingia kuangalia.

Hebu tukumbushane. Mgonjwa wa kwanza hapa Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Siku mbili baadaye serikali ikatangaza kufungwa kwa shule. Makanisa nayo yakafungwa, na tarehe 27 Machi kafyu ikaanza. Vikundi vingi havikukutana tena. Gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne walirudi shuleni tarehe 12 Oktoba. Wengine wote walingoja mpaka tarehe 4 Januari 2021. Hiyo ni zaidi ya miezi tisa. Mtoto aliondoka shuleni mahindi yakipandwa, akarudi mavuno mawili yakiwa yamekwisha kuingia ghalani.

Je, wote walirudi? Hapo ndipo utafiti unatusaidia.

Katika Kaunti ya Siaya, watafiti walikuwa wakiwafuata wasichana wa shule 12 za sekondari. Wakaweka makundi mawili. Kundi la kwanza ni wasichana 403 waliofikia mtihani wa kidato cha nne mwezi wa Novemba 2019, kabla ya Korona. Kundi la pili ni wasichana 507 ambao masomo yao yalikatizwa, na mtihani wao ukaja Machi 2021. Ni shule zilezile na vijiji vilevile. Kilichobadilika ni ule mwaka.

Matokeo yalitolewa mwaka 2022. Wale waliopitia kufungwa kwa shule walikuwa na hatari mara mbili ya kupata mimba kabla ya kumaliza shule, na hatari mara tatu ya kuacha shule kabisa. Wengi zaidi walisema kwamba mara yao ya kwanza kukutana na mwanamume haikuwa kwa hiari yao. Walifanya kazi zisizo za shule saa nyingi zaidi, na hali ya nyumbani ilikuwa imezorota.

Tusikie vizuri jambo hilo. Tumezoea kusema, "Wasichana wa siku hizi hawana adabu." Lakini kama ni adabu tu, mbona wa 2019 na wa 2021 walitofautiana hivyo, nao ni watoto wa wazazi walewale? Shule haimfundishi msichana hesabu peke yake. Humpa mahali pa kukaa mchana kutwa, na mwalimu wa kuuliza, "Fulani yuko wapi leo?" Shule ilipofungwa, hakuna aliyeuliza.

Nami niungame mbele yenu. Kikundi changu kilivunja sanduku mwezi wa Aprili 2020. Tuligawana akiba yote, kila mtu akachukua chake akaenda. Tuliona ni busara. Kufikia Juni zile pesa zilikuwa zimeliwa. Mwenzetu mmoja, mjane, akamtoa binti yake wa kidato cha pili aende mjini kufanya kazi ya nyumba. Januari shule zilipofunguliwa hatukuwa na hata shilingi ya kumrudisha. Lakini si pesa inayonisumbua. Inayonisumbua ni kwamba hakuna mmoja wetu aliyekwenda kwa yule mama kumwuliza. Binti hakurudi shuleni.

Sasa tuangalie upande wa pesa. Huko Siaya na Bomet kuna utafiti mwingine mkubwa, ambapo watu wazima wa vijiji vilivyochaguliwa walipewa shilingi 2,250 kila mwezi bila masharti. Korona ilipoingia, watafiti wakawapigia simu. Wale waliokuwa wakipokea pesa hizo walilala njaa kidogo kuliko wenzao, na waliumwa kidogo kuliko wenzao. Waliokuwa wamefungua biashara walipoteza faida kama watu wengine, lakini chakula kilikuwepo mezani. Basi kipato kidogo kisichokatika ni ngao.

Na kuna jambo litakalowafurahisha akina mama. Matokeo ya baadaye yalionyesha kwamba wengi wa waliokuwa wamehakikishiwa pesa hizo kwa miaka mingi waliziweka katika meri-go-raundi. Zamu ikifika, mtu anapata pesa za mkupuo, ananunua mbuzi au anaanzisha duka. Ile meri-go-raundi tunayoidharau ndiyo iliyogeuza pesa za chumvi zikawa mtaji.

La tatu ni masomo. Shule zilipofungwa, watafiti kule Botswana walijaribu kitu kidogo tu: kumpigia mzazi simu mara moja kwa wiki, wakazungumza na mtoto dakika 15 hadi 20 juu ya kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Watoto walisonga mbele. Waliotumiwa ujumbe mfupi peke yake hawakufaidika vile. Jambo hilo likarudiwa katika nchi tano, Kenya na Uganda zikiwemo, nalo likafaulu. Mtoto anahitaji mtu wa kukaa naye kidogo, tena kila wiki.

Basi, ndugu zangu, twende nyumbani na kazi nne.

Kwanza, kila kikundi kiandike orodha ya watoto wa kijiji walioacha shule tangu 2020. Tuandike ili tuwasaidie. Karatasi hiyo isiwe ya kusengenya watu.

Pili, msichana aliyezaa ana ruhusa ya kurudi shuleni. Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa jambo hilo mwaka 2020. Wawili katika kikundi wamsindikize kwa mwalimu mkuu, na mama mmoja ajitolee kushika mtoto. Aliyekwisha kuwa mtu mzima, tumtafutie elimu ya watu wazima au chuo cha ufundi.

Tatu, sanduku liwe na mfuko wa dharura ambao haugawanywi mwisho wa mwaka. Hata shilingi 20 kwa kila mkutano zinatosha kuanzia. Siku ya shida ikija, na itakuja, mfuko huo ndio utakaomzuia mjane asimtoe binti yake.

Nne, mtoto akidhulumiwa tusikae kuyamaliza mambo kwa mbuzi. Pigeni simu 116, haina malipo, au mwende kwa chifu na polisi.

Mnaujua mfano wa mchungaji aliyekuwa na kondoo mia. Yule mtu aligundua mmoja amepotea kwa sababu aliwahesabu. Asiyehesabu husema wote wapo, naye analala usingizi.

Tukikutana tena, nitawaomba kila kikundi kisome orodha yake. Mungu awabariki.