Bata Hana Meno, Lakini...

(Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari, Ujiji)

Leo nimekuja tuzungumze juu ya bata. Naona wa nyuma mnacheka. Chekeni tu, hata mimi ningecheka. Ila kwanza nisikilizeni.

Nilikuwa kidato cha pili. Siku moja kabla ya Idi bibi alinituma nikamate bata dume, yule mkubwa mwenye nyama nyekundu usoni. Nikamkimbiza mpaka mtaroni, nikamdaka. Akanipiga bawa la uso, kisha akanikwaruza mkono kwa kucha. Damu ikatoka. Nikapaka majivu, nikanyamaza. Nani aende zahanati akaseme ameumizwa na bata? Siku ya nne mkono ulikuwa umevimba na unatoa usaha. Mganga akaniuliza, "Ulichanjwa pepopunda lini?" Nikabaki kumtazama. Sikujua.

Je, wewe unajua?

Bata hana meno. Akikudona, mara nyingi utapata wekundu au uvimbe tu. Kinachochana ngozi ni kucha. Na hatari kubwa sio mkwaruzo wenyewe, ni uchafu unaoingia ndani. Vijidudu vya pepopunda hukaa kwenye udongo na kinyesi cha wanyama, na bata anashinda humo humo kutwa. Ugonjwa huanza kwa kawaida kati ya siku 3 na 21, pengine kidonda kimeshafunga na umesahau. Taya zinakaza, shingo inakuwa ngumu, mwili unakakamaa kwa maumivu makali. Pepopunda inaua.

Utaniambia, "Mimi nilichanjwa nikiwa mtoto." Vizuri. Chanjo hiyo hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Lakini nguvu yake hupungua miaka inavyokwenda, na huhitaji kuongezwa. Wanawake huipata tena kliniki wanapokuwa wajawazito. Wavulana je? Wengi wanasahaulika.

Basi ukikwaruzwa, fanya hivi:

1. Osha jeraha mara moja kwa maji safi mengi na sabuni.
2. Usipake majivu, udongo wala kinyesi cha mnyama. Unaongeza vijidudu.
3. Funika kwa kitambaa safi.
4. Nenda zahanati au kituo cha afya, uulize kuhusu chanjo ya pepopunda. Usione aibu. Ukiumizwa jicho, nenda siku hiyo hiyo.

Njia ya pili ya hatari ni mkono kwenda mdomoni. Bata anayeonekana mzima kabisa anaweza kubeba bakteria wa salmonela tumboni na kuwamwaga kwenye kinyesi. Umemshika, hukunawa, umekula ugali na dagaa: kesho tumbo linakata, unaharisha, una homa. Wewe kwa kawaida utapona, lakini mdogo wako wa miaka miwili anaweza kuishiwa maji mwilini. Mpe ORS. Kama haipo, changanya lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, kisha mpeleke zahanati. Mayai ya bata yachemshe mpaka kiini kiwe kigumu. Na bata wasinywe kwenye ndoo ya maji ya nyumbani.

La tatu ni mafua ya ndege. Mwaka 1997 kule Hong Kong watu 18 waliambukizwa, 6 wakafa. Januari 2017 mafua ya ndege yaligunduliwa kwa jirani zetu Uganda, kwa ndege pori kando ya Ziwa Victoria na kwa bata na kuku wa kufugwa. Bata anaweza kubeba virusi bila kuonekana mgonjwa. Ukiona ndege wengi wamekufa ghafla, iwe nyumbani au ufukweni, usiwaguse, usiwachinje, usiwale. Mwambie mwalimu au bwana mifugo.

Sisemi mkawafukuze bata. Nyama yao tamu, na wengine ndio ada ya shule. Nasema tunawe mikono, na kidonda kidogo tusikifiche.

Leo ukifika nyumbani, kabla hujavua hata viatu, muulize mama: "Kadi yangu ya kliniki iko wapi?"

Haya, nani ana swali?