Kiongozi Asiye na Muhuri: Mafunzo ya Uongozi kwa Maafisa Maendeleo ya Jamii

Afisa maendeleo ya jamii wa kata hana muhuri. Mtendaji wa kijiji anao. Mwenyekiti ana kiti alichopewa kwa kura, na bwana shamba ana utaalamu wa mbegu na mbolea ambao mavuno yake huonekana. Afisa huyu hufika kijijini na daftari lake, pikipiki ikiwa na mafuta, akiwa na kazi ya kuwashawishi watu wajiunge, wachange, wajenge, wakope na warejeshe. Hana wa kumwamuru. Hata hivyo semina nyingi za uongozi anazopelekwa humchukulia kama meneja mwenye watumishi chini yake: sifa za kiongozi bora, aina za uongozi, dira na dhima, namna ya kukasimu madaraka. Akasimu yapi?

Mada hii inashikilia jambo moja. Uongozi wa afisa huyu upo katika viongozi anaowakuza, na mafunzo yake hayana budi kupangwa kwa lengo hilo. Hoja hiyo si ngeni Afrika Mashariki. Imewahi kujaribiwa kwa vitendo, mara nyingine kwa mafanikio, mara nyingine kwa kilio.

Mwaka 1960, katika eneo la Songea, vijana wa chama cha TANU wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga walianzisha kijiji cha Litowa. Kutokana na jitihada zao kikazaliwa Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, ambacho baadaye kiliunganisha zaidi ya vijiji kumi. Mshauri wao alikuwa Mwingereza, Ralph Ibbott, aliyehamia Litowa na familia yake. Alishauri, walioamua ni wanakijiji katika mikutano yao. Vijiji vichanga havikuletewa mkufunzi kutoka mjini. Vilijifunza kwa vile vilivyotangulia, watu wakilima pamoja, wakila pamoja na kubishana pamoja. Mwenyekiti mpya alijifunza kuendesha mkutano kwa kuhudhuria mikutano iliyoendeshwa vizuri, na ni vigumu kufikiria darasa lililo bora kuliko hilo.

Kisha, Septemba 1969, Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama hicho na mali zake zikachukuliwa, ingawa Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa amekiunga mkono kwa miaka kadhaa. Vijiji vinavyojiamulia vilikuwa vimewatia wasiwasi baadhi ya wakubwa wa TANU na serikali. Mikasa ya namna hii haionekani katika mitaala, nayo ndiyo inayomkumba afisa wa leo kwa kiwango kidogo kila mwezi: diwani anataka kikundi cha wafuasi wake kipewe mkopo kwanza, mkuu wa wilaya anataka taarifa ya mafanikio ifikapo Ijumaa, na wanakijiji wanataka ukweli kuhusu michango yao. Kozi ya uongozi isiyomfundisha mtu kuishi kati ya hao watatu imefundisha nusu tu ya kazi.

Miaka minne baadaye, mwaka 1973, Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 waliandaliwa, na watu wapatao milioni 2 wakakutana katika vikundi vyao kusikiliza redio na kusoma vijitabu. Kiongozi wa kikundi hakuwa daktari wala mwalimu. Kazi yake ilikuwa kuwakusanya watu mbele ya redio, kuongoza mazungumzo baada ya kipindi na kuhakikisha kikundi hakitawanyiki bila azimio: nani anachimba choo, nani anafyeka majani, madimbwi yanafukiwa lini. Mafunzo yalishuka ngazi kwa ngazi kutoka taifani, na kama ilivyo kawaida ya ngazi, wa chini kabisa walipata siku chache kuliko wote. Hata hivyo vyoo vilichimbwa kwa wingi. Yaliyosaidia ni kwamba kila kiongozi alijua vizuri afanye nini baada ya redio kuzimwa.

Nchini Kenya, kuanzia mwaka 1974, Anne Hope wa Afrika Kusini na Sally Timmel wa Marekani walijenga mpango wa mafunzo uitwao DELTA, wakifanya kazi na Kanisa Katoliki. Waliyachukua mawazo ya mwanaelimu Paulo Freire wa Brazili na kuyachanganya na stadi za kuongoza vikundi. Mambo mawili ya mpango huo yanastahili kuigwa bila aibu. La kwanza ni kugawa mafunzo katika awamu: washiriki walikutana, wakarudi makwao kufanya kazi, kisha wakakutana tena wakiwa na mambo halisi ya kuchambua. La pili ni kusikiliza kabla ya kusema. Mshiriki alitakiwa kujua watu wa kwake wanalalamikia nini, wanaogopa nini na wanatamani nini, sokoni, kisimani na ndani ya basi, ndipo aandae picha au igizo la kuanzishia mjadala. Uzoefu huo uliandikwa katika vitabu vya Training for Transformation, vilivyochapwa Zimbabwe mwaka 1984 na kusambaa mbali nje ya Afrika Mashariki.

Semina ya siku tano mfululizo hotelini haiwezi kufanya hivyo. Siku ya kwanza ni kujisajili na kutambulishana, ya mwisho ni vyeti na picha ya pamoja, na katikati kuna macho yanayoitazama saa kwa sababu ya posho.

Gharama ya pengo hili la mafunzo imeonekana katika mikopo ya asilimia 10. Sheria inazitaka halmashauri za Tanzania kutenga sehemu hiyo ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu zilifichua madeni yasiyorejeshwa na vikundi hewa, na Aprili 2023 serikali ikasimamisha utoaji wake hadi mwaka 2024 ulipoanza upya. Wizi ulikuwepo na una sheria zake. Lakini kulikuwa pia na vikundi halali vilivyoundwa haraka kwa ajili ya fomu, vikiwa na mwenyekiti, katibu na mweka hazina wa kwenye karatasi. Afisa aliyefundishwa kusajili vikundi amevisajili. Kisha afisa huyo huyo anageuzwa mdai wa madeni, na siku hiyo watu aliowalea wanaanza kumkwepa njiani.

Linganisha na VICOBA iliyokomaa, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana. Sanduku lina kufuli tatu na funguo hukaa kwa watu watatu tofauti, hesabu hufanywa mbele ya wote, na uchaguzi hufika bila kusubiri mgeni wa wilayani. Mama asiyewahi kusimama mbele ya kadamnasi hujikuta, baada ya miezi, akimtoza faini shemeji yake kwa kuchelewa. Hapo uongozi umefundishwa, tena bila projekta.

Taasisi kama Tengeru, inayofundisha fani hii tangu mwaka 1963, na halmashauri zinazogharimia semina zina uwanja wa mazoezi usiohitaji kukodiwa. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kisheria kufanyika kila miezi mitatu. Basi waandaaji wapunguze siku za hotelini na fedha hiyo waiweke kwenye mafuta ya pikipiki, ili mkufunzi amfuate mwanafunzi wake hadi kwenye mikutano hiyo minne ya mwaka, aketi nyuma, anyamaze, na jioni wakae wawili kuchambua nani alizungumza, nani alizibwa mdomo na azimio gani liliandikwa.