Kabla ya Kuitoa Injini ya Zamani
Mazungumzo na wanavikundi wa Kitale na Bungoma

Leo hatuzungumzi juu ya mbuzi wa maziwa wala juu ya vyoo. Tunazungumza juu ya gari kuukuu. Msicheke. Vikundi vingine huku kwetu vina pikapu moja ndogo inayobeba maziwa, mahindi, na usiku hubeba mama mjamzito. Siku injini yake inapokufa, kikundi nacho huanza kukohoa.

Hebu tuwaambie yaliyotupata sisi. Kikundi kimoja tunachotembelea upande wa Kiminini kilikuwa na Datsun 1200 pikapu. Ilianza kutoa moshi wa buluu na kunywa oili kila wiki. Mkutano ukaitwa. Kijana mmoja akasimama na simu yake, akaonyesha picha za gari dogo kama hilo lililotiwa injini ya Mazda, ile inayozunguka. "Wazee wangu," akasema, "injini yenyewe ni ndogo, naweza kuikumbatia, lakini ikiamka hakuna matatu itatupita." Vijana wakapiga makofi. Mzee mmoja akauliza, "Sasa kijana wangu, hayo maziwa yatafika yakiwa maziwa au yatafika siagi?"

Tukacheka, lakini kijana hakusema uongo. Mambo hayo yapo. Injini hiyo ilibuniwa na Mjerumani Felix Wankel, na ya kwanza iliwaka mwaka 1957 katika kampuni ya NSU. Mazda wakaichukua, na mwaka 1967 wakaanza kuuza gari lao la Cosmo lenye injini hiyo. Kule Puerto Rico vijana wamezitia injini za Mazda katika Toyota ndogo za zamani kwa ajili ya mashindano. Injini iitwayo 13B ina ujazo wa sentimita 1,308 tu, lakini hutoa nguvu kama mara mbili ya ile ya Datsun 1200.

Inafanyaje kazi? Injini yetu ya kawaida ina pistoni zinazopanda na kushuka kama mchi kwenye kinu. Hii haina pistoni. Ndani yake mna chuma chenye pembe tatu kinachozunguka katika chumba chenye umbo la yai lililobanwa katikati. Kikizunguka, kinavuta petroli na hewa, kinabana, moto unawaka, kisha moshi unasukumwa nje. Vipande ni vichache na mtikisiko ni mdogo. Ndiyo maana watu wanaipenda.

Lakini kikundi lazima kiulize swali la pili: je, inatufaa sisi? Tulikaa chini na fundi wa jua kali tunayemwamini, tukahesabu. Kwanza, inakunywa petroli nyingi kuliko pistoni za ujazo huo. Pili, imetengenezwa ichome oili kidogo kila wakati, na kikundi kilikuwa kinakimbia gari la kuchoma oili! Tatu, kwenye zile pembe tatu kuna vizibo vyembamba. Vikiisha, nguvu inaisha, na vya kubadilisha havipatikani katika kila duka la spea. Nne, ina joto jingi, kwa hiyo inahitaji radieta kubwa na kipoza oili. Tano, haishikani na giaboksi ya Datsun. Utatafuta giaboksi ya Mazda, utakata sakafu, utatengeneza propela nyingine. Na breki je? Breki za gari hilo zilipangiwa injini ndogo. Ukiongeza nguvu bila kuongeza breki, umemfungulia ng'ombe dume na kamba umeiacha nyumbani.

Basi tukakubaliana: hiyo ni injini ya mashindano, si ya maziwa. Mpaka hapo tulienda vizuri. Kosa letu lilifuata.

Fundi alikuwa amesema tuipime injini ya zamani kwanza. Sisi tukaona anachelewesha. Tukawaambia wanakikundi wanunue injini ya mtumba ya A15, kwa sababu ni ya ukoo mmoja na A12 iliyokuwa ndani. Wazo si baya; A15 ina sentimita 1,488 na kuifunga si kazi kubwa kama ile ya Mazda. Lakini tuliwatuma watu wawili mji mwingine na akiba ya miezi saba, bila fundi. Waliletewa injini imeoshwa inang'aa. Risiti hawakupewa, na sisi hatukuuliza. Ilipofika, fundi akaisugua kwa brashi, akanyamaza. Namba ilikuwa imekwaruzwa. Muuzaji hakuonekana tena. Mama mmoja aliyekuwa ameuza kuku wake ili amalize mchango alitutazama tu, hakusema neno. Mpaka leo tunamkumbuka.

Kwa nini namba ni kitu kikubwa? Kwa sababu namba ya injini imeandikwa kwenye logibuku. Ukibadilisha injini, unatakiwa kuijulisha NTSA, gari likaguliwe, na namba mpya iandikwe. Utaulizwa karatasi za injini hiyo. Bila karatasi, gari ni lako lakini injini ni ya nani? Polisi akikuuliza barabarani hutakuwa na jibu, na bima nayo inaweza kukukana siku ya ajali.

Injini ile ililala chini ya mwembe. Hatimaye tukafanya lile tuliloambiwa mwanzoni. Fundi alipima mbano wa kila silinda. Mbili zilikuwa nzuri, mbili dhaifu. Akatia oili kidogo katika zile dhaifu, akapima tena, mbano ukapanda. Hapo akajua ni ringi na kuta za silinda, si valvu. Injini ile ile ya A12 ikafunguliwa, silinda zikachongwa upya, ikapata pistoni, ringi, beringi na gasketi mpya. Gari likarudi barabarani. Halishindani na matatu, lakini halitoi moshi, na namba yake ni ile ile ya kwenye logibuku.

Kwa hiyo, wapendwa, tunawaachia haya:

1. Pima kabla ya kununua. Moshi si kaburi la injini.

2. Ukinunua, nenda na fundi. Asome namba, azungushe injini kwa mkono, apime mbano.

3. Hakuna risiti, hakuna pesa. Mweka hazina aandike jina la muuzaji, namba ya injini na tarehe. Mwalike hata mfanyakazi wa maendeleo aulizwe maswali. Sisi nasi hukosea.

4. Mkiitoa injini nyumbani, toeni waya wa betri kwanza, mwageni maji na oili kwenye debe, si kwenye mtaro. Msiinyanyue kwa tawi la mti. Tafuteni mlingoti wa chuma na mnyororo wenye gia, na mtu yeyote asiingie chini ya injini inayoning'inia. Gari likiinuliwa, liwekwe juu ya vigingi imara, si juu ya jeki peke yake.

5. Wekeni akiba ya gari mbali na akiba ya watu. Kuku wa mama yule haikupasa wawe spea.

Na yule kijana? Msimvunje moyo kijana wa namna hiyo. Sasa yuko na yule fundi, anajifunza. Ndiye aliyeshika taa usiku gari lilipowaka.

Maswali ya kujadili kikundini: Gari au mashine yetu ni ya nani kwa karatasi? Tukinunua kitu kikubwa, ni nani anayekikagua kabla pesa haijatoka? Ni nani kati yetu alitoa ushauri mzuri mwaka huu, nasi hatukumsikiliza?