Karatasi ya Mgonjwa



Wengi wetu wa Usenge, Mbita na Rusinga huja Kisumu kutibiwa, hasa katika hospitali ile kuu iliyofunguliwa mwaka 1969 kwa msaada wa Warusi, ambayo hata leo twaiita “Russia”. Safari ni ndefu, na maneno ya daktari ni mengi. Usiku jamaa humwuliza mzee: umeambiwaje? Naye huwaonyesha bahasha ya dawa iliyoandikwa 1 x 3. Ajuaye husoma: kidonge 1, mara 3 kwa siku. Asiyejua aweza kumeza 3 kwa pamoja, na dawa ikawa sumu.

Yafaa mgonjwa arudi na karatasi moja, isiyo na vifupisho, kwa Kiswahili au Kidholuo, yenye mambo manne: ugonjwa wake, dawa, na jinsi ya kuitumia, dalili za hatari, na tarehe ya kurudi.

Hii si hisani. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yataka mgonjwa aelezwe hali yake, na iwezekanapo, kwa lugha aielewayo. Basi asiyepewa na aombe kwa adabu. Na kabla ya kuondoka amsomee daktari yaliyoandikwa, ili kosa lisahihishwe papo hapo. Asiyejua kusoma na afuatane na mjukuu.

Karatasi hiyo itunzwe, kama kina mama watunzavyo kijitabu cha kliniki.