Mbiu ya Mgambo Ikilia

Leo nataka kuzungumza nanyi habari za kuwalinda watu wakati wa maafa, na maneno yangu nayaelekeza hasa kwa ndugu zetu wa Kiranjeranje, na wa vijiji vingine vilivyo katika njia ya kutoka Kilwa kwenda Lindi.

Wahenga walisema, "Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo." Zamani pembe ilipopigwa, kila mtu aliacha kazi yake akaenda kusikiliza. Lakini nawauliza: mtu akisha kusikia, afanye nini?

Tarehe 15 Aprili 1952 tufani kubwa ilipiga pwani ya Lindi, ikabomoa nyumba na kuua watu. Mwezi wa Mei 2024 ilikuja tufani nyingine, iliyoitwa Hidaya. Safari hii Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza mapema, na wavuvi wakaonywa. Tarehe 4 Mei ilifika kisiwa cha Mafia, nguvu zake zikapungua. Hata hivyo mvua yake ilijaza mito, na barabara kuu itokayo Dar es Salaam ikakatika huko Somanga, kaskazini ya Kiranjeranje. Magari yakasimama, huku na huku.

Basi tupate funzo hapo. Njia ikikatika, msaada wa mbali hauwezi kufika upesi, na mlinzi wa kwanza wa mtu ni jirani yake. Kwa sababu hii Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 haikuishia mkoani na wilayani, bali iliweka kamati hata katika kata na vijiji. Askari wa Zimamoto na Uokoaji nao huitwa kwa simu namba 114. Lakini kamati isiyojua nyumba ya mgonjwa iko wapi ni jina tupu.

Yapasa kila kijiji kiamue mambo manne kabla ya masika. Kwanza, mahali pa juu pa kukimbilia. Pili, nani atambeba bibi asiyeweza kutembea. Tatu, nani atapita nyumba kwa nyumba kuwaarifu wasio na redio. Nne, nani atasimama kivukoni kuwazuia watu wasivuke. Maana maji ya magotini tu, yakienda kasi, humwangusha mtu mzima.

Labda mtu atasema, "Serikali ipo." Ndiyo, ipo, lakini maji hayangoji mtu.

Nanyi wanafunzi, kalamu mnayo. Jioni ya leo waandikeni wazee wakaao peke yao karibu nanyi, mkampe mwenyekiti wa kijiji karatasi hiyo. Ni kazi ndogo. Lakini siku mbiu itakapolia usiku, hapana mzee atakayesahauliwa.

Kwaherini.